Programu ya kutafuta maneno ndani ya barua pepe ulizohifadhi: ipi ununue, ipi uiache

Saa kumi jioni mteja alipiga simu akitaka ankara ya kontena lililotoka bandarini miaka minne nyuma. Ofisi ni ya uwakala wa forodha, na mimi ndiye ninayetunza kompyuta zao. Barua pepe za zamani zote zipo kwenye diski ya nje, maelfu ya faili za .eml. Nikaandika namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba, kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Hola. Nikajaribu neno "Ankara". Yakaja matokeo mawili, yote ya mtu aliyekuwa akiuza vitambaa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Windows haiingizi diski ya nje kwenye faharasa yake, yaani orodha ya maneno yaliyomo kwenye faili, mpaka uiambie, na mahali pasipo na faharasa kwa kawaida huangalia majina ya faili tu. Wale wa vitambaa walionekana kwa sababu neno lilikuwa kwenye jina la faili.

Nikafungua faili moja kwa Notepad nitafute kwa mkono. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana barua pepe iliyohifadhiwa haikai kama ukurasa wa Word. Ujumbe unaweza kuwa umefungwa kwa mtindo wa base64, unaogeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4. Neno Ankara likifungwa hivyo huwa QW5rYXJh. Kuna pia mtindo wa quoted-printable, unaokata mistari mirefu kwa alama ya =, hivyo "malipo" yanaweza kuwa "mali=" juu na "po" mstari wa chini. Viambatisho, yaani PDF na Excel ambamo namba zenyewe hukaa, karibu vyote huja kwa base64. Kwa hiyo amri kama findstr na grep, hodari kama zilivyo, hapa zinapapasa gizani. Usinunue kitu kinachotafuta maandishi ghafi tu, hata kama kina sura nzuri.

Kabla ya kutoa hela, tazama faili zako zinaishia na nini. Faili ya .eml ni barua moja, na .msg ni barua moja ya Outlook. Faili ya .mbox ni barua nyingi zilizounganishwa, na ndiyo utakayopewa ukitoa barua zako Gmail kwa Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako. Ya .pst ni ghala zima la Outlook. Za zamani ziligota kwenye GB 2, hizi za sasa hufika GB 50 kabla ya Outlook kuanza kulalamika.

1. Recoll. Kwa ofisi ndogo yenye .eml au .mbox, naiweka juu na sina wasiwasi. Kwenye Linux ni bure kabisa. Kwenye Windows mwenye programu hutoza kiasi kidogo, cha euro chache. Inafumbua barua, inaingia kwenye kiambatisho, na kama kiambatisho ni zip inaingia tena humo ndani. Ile ankara niliikuta hivyo: PDF, ndani ya zip, ndani ya barua yenye kichwa "Re: Re: Fwd: docs". Sura yake ni ya kizamani na mipangilio ni mingi, kwa hiyo mkalishe mhasibu siku ya kwanza umwoneshe. Kutengeneza faharasa mara ya kwanza huchukua saa nyingi. Iache usiku, na UPS iwe nzima. Baada ya hapo majibu huja papo hapo.

2. Thunderbird. Bure, na si bure ya majaribio. Weka nyongeza iitwayo ImportExportTools NG, kisha ingiza .eml au .mbox kwenye Folda za Ndani. Kutafuta kwa mtumaji, tarehe na maneno ya kwenye ujumbe ni kuzuri, na mtu aliyezoea barua pepe hahitaji kufundishwa. Udhaifu ni mmoja, lakini mkubwa: haisomi yaliyomo ndani ya viambatisho. Kama unachotafuta huandikwa kwenye ujumbe wenyewe, ishia hapa, hela yako kanunulie diski ya akiba.

3. Outlook uliyonayo tayari. Kama una .pst na leseni ya Outlook ya kawaida, ile ya kwenye Office, ifungue humo na usubiri faharasa imalize. Usiinunue kwa ajili ya kutafuta tu. Na usifanyie kazi faili ya .pst iliyo kwenye flashi au folda ya mtandao wa ofisi, ndivyo zinavyoharibika. Inakili kwanza kwenye diski ya ndani, Outlook ikiwa imefungwa.

4. FileLocator Pro. Ya kulipia, ya Windows. Inafaa kwa anayetafuta mara mojamoja na hataki kutunza faharasa, kwani inaweza kupekua faili palepale, .pst zikiwemo. Ina ndugu wa bure, Agent Ransack, ambaye ni mzuri kwa faili za kawaida lakini si kwa ghala la Outlook.

5. dtSearch Desktop. Ni ya Marekani, ipo tangu 1991, na wanasheria na wachunguzi huipenda. Inasoma .pst, .msg, .eml na .mbox, na kwa mamilioni ya barua haitetereki. Nimeishusha huku kwa sababu ya bei tu. Kama kesi mahakamani inategemea barua moja, ipandishe iwe ya kwanza.

MailStore Home ningeiweka ya pili kwa mtu wa nyumbani, maana inakusanya barua za Gmail, Outlook na Thunderbird mahali pamoja na kuzitafuta vizuri. Lakini ni bure kwa matumizi binafsi tu. Ofisini leseni yake hairuhusu, na "hakuna atakayejua" si sera ya ofisi.

Usiguse tovuti zinazosema "pakia .pst yako hapa tuisome". Humo mna mikataba, namba za akaunti za wateja na pengine nywila za watu. Kaa mbali pia na programu zinazokuonesha barua ishirini za mwanzo kisha kudai malipo. Barua ishirini hazikuambii chochote kuhusu barua elfu thelathini.

Jaribio langu kabla ya kulipa ni hili. Chagua neno ambalo hakuna mteja angeliandika. Mimi hutumia "kifaurongo". Jitumie barua tatu: ya kwanza neno liwe kwenye ujumbe, ya pili liwe ndani ya PDF, ya tatu ndani ya PDF iliyo kwenye zip. Zihifadhi, kisha tafuta. Ikileta moja, hiyo ni saizi ya Thunderbird. Ikileta tatu, lipa. Ongeza ya nne yenye karatasi iliyoskaniwa, uone kwa macho yako: PDF ya aina hiyo ni picha, na bila OCR, yaani teknolojia ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi, hakuna programu itakayosoma neno humo.

Malipo ya nyingi hufanyika kwa kadi, na kadi za kidijitali za mitandao ya simu mara nyingi hukubali. Angalia tu kama unanunua mara moja au unakodi kwa mwaka. Na faharasa yenyewe ina maneno ya barua zako yakiwa wazi, kwa hiyo ukiiacha kwenye kompyuta ya mapokezi isiyo na nywila, umemwachia kila mpita njia kabati wazi.