Mashine ya Kusaga Nafaka, Kirumba: Mapitio ya Baba Mpika Uji

Natanguliza hukumu ili mwenye haraka aende zake: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu ya ule unga wao wa lishe uliochanganywa tayari, ambao nitaufikia.

Sisi ni watu wa Mombasa. Mke wangu alipata kazi ya mkataba Mwanza, tukaja kwa basi kupitia Sirari, Musoma na Bunda, tukiwa na mtoto wa miezi mitano ambaye ziwa alilolijua ni la mamake tu. Kigari chake tulichokihangaikia njia nzima sasa ni kabati la nepi. Nyumba yetu iko Kitangiri, juu ya mawe, na njia ya kufika mlangoni hata mbuzi huipanda kwa kufikiri. Kibali changu cha kuishi hapa ni cha mtegemezi, hakiniruhusu kuajiriwa, kwa hiyo mchana kutwa mtoto ni wangu. Alipofikisha miezi sita na kuanza kulishwa, uji nao ukawa wangu.

Nafaka za kopo zipo, kwenye maduka makubwa ya mjini. Hazina kazi kupika, na kwa bei ya kopo moja nanunua ulezi wa mwezi mzima na nauli ya bajaji inabaki. Sina zaidi juu yake.

Mashine niliyoelekezwa na jirani yangu muuza maandazi iko Kirumba, kwenye mteremko wa kwenda soko la samaki la Mwaloni. Haina kibao, ila huwezi kuipita bila kuisikia. Ndani kuna mashine kubwa ya kusaga, ya kukoboa pembeni yake, na magunia yaliyofunguliwa midomo: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga. Unaweza kuja na nafaka yako au ukanunua pale pale. Mwenyewe ni mama mtu mzima ambaye hupokea shikamoo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, na usidhani amekupuuza. Anachambua. Ulezi wake umepepetwa na kuoshwa, na mara zote nilizoutia kinywani kuupima sijawahi kukutana na mchanga. Kwa ulezi hiyo si sifa ndogo.

Jambo la kwanza kumwambia kijana wa mashine ni: "Pitisha kwanza." Aliyekutangulia huenda alisaga muhogo au soya, na mabaki yake yamekaa ndani yakikusubiri. Kijana atachota kiganja cha nafaka yako, akipitishe, na unga wa mwanzo autenge kando. Wao huita kusafisha koo. Usipodai hafanyi. Ukidai, anafanya bila kununa wala kuongeza bei.

Sasa huo unga wa lishe. Umefungwa vizuri kwenye mifuko ya karatasi karibu na mlango, na kila mgeni mwenye mtoto mgongoni huuzwa huo kabla hajasema neno. Ndani kuna mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga. Unanukia kweli. Ila muuguzi wa kliniki tunakompeleka mtoto kupimwa uzito aliniuliza swali moja: mtoto akivimba midomo au akiharisha, utajua ni kipi kati ya hivyo sita? Akaendelea na mengine. Soya isipopikwa au kukaangwa vizuri inauzuia mwili kumeng'enya protini. Karanga zina mafuta, unga wake unachacha upesi. Halafu kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo haiishi kwa kuchemsha, na karanga na mahindi ndiyo makao yake makuu. Hapo hakuhitaji kunishawishi. Mkenya wa umri wangu anaikumbuka 2004, mahindi ya Makueni na Kitui yalipoua watu 125. Huku nako mwaka 2016 walikufa watu Dodoma na Manyara. Simwambii mtu kwamba unga wa mama huyu una sumu. Sina ushahidi huo. Nasema tu kwamba ukishachanganywa na kusagwa, huwezi tena kuona punje iliyoota ukungu, na mimi napenda kuiona.

Kwa hiyo nanunua ulezi peke yake, umesagwa mbele yangu, kidogo kidogo. Vingine vinaingia sufuriani siku ya kupika: maziwa, kijiko cha mafuta, kiazi lishe kilichopondwa, kile cha rangi ya chungwa.

Na dagaa. Hapa ndipo mahali hapa panapoishinda Mombasa yote. Mwaloni iko hatua chache chini, na dagaa wa ziwa hili mtoto anamla mzima, kichwa na mifupa, mradi amesagwa. Kuna wanaoanikwa mchangani na kuna wanaoanikwa kwenye chanja. Wa mchangani ni rahisi, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Wa chanja bei imepanda kidogo lakini ni wasafi na weupe. Waulizie hao. Bei yenyewe inakwenda na mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, wavuvi wengi wanapumzika, sokoni wanaadimika. Mtu wa pwani aliyekua akihesabu bamvua, yale maji makuu ya bahari yanayofuata mwezi, hapati taabu kuzoea. Nanunua mapema. Mama wa mashine ana kinu kidogo cha umeme kwa dagaa tu, kiko kibarazani, na ninamshukuru kwa niaba ya wote wanaosaga sembe humo ndani. Nusu kijiko cha chai kwa bakuli inatosha. Zaidi ya hapo mtoto wangu anafunga mdomo na mazungumzo yanaishia hapo.

Kitu kingine cha kuulizia, maana hakipangwi mbele, ni kimea. Ni ulezi ulioloweshwa, ukaachwa uote, ukakaushwa na kusagwa. Unapika uji mzito kabisa wa kusimamisha mwiko, unaupoza hadi uvuguvugu, unatia kijiko cha kimea, unakoroga. Baada ya dakika chache umelainika wenyewe bila tone la maji, kwa sababu vimeng'enya vya mbegu iliyoota vinaukatakata wanga. Unaurudisha jikoni uchemke kidogo, basi. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi wa kawaida unalijaza maji. Tangu nianze kukitumia, muuguzi ameacha kuikunjia uso mizani.

Huduma kwa baba mwenye mbeleko: wanawake wa foleni watakuita shemeji, watauliza mama mtoto yuko wapi, wawili watatu wataifunga upya mbeleko yako bila ruhusa. Wanaifunga vizuri kuliko mimi. Pale pale kwenye foleni ndipo nilipopata fundi bomba, dada wa kufua, na habari za nyumba yenye ngazi chache zaidi.

Malipo ni taslimu au kwa simu, kupitia Lipa Namba. Mkenya mwenzangu, laini yako ya nyumbani haitakufaa pale. Kasajili ya huku, nenda na pasipoti. Wanaofunga unga wako wanatumia mfuko wa khaki unaochanika, kwa hiyo beba ndoo yenye mfuniko. Jumamosi asubuhi foleni inafika barabarani, na umeme ukikatika hakuna jenereta. Katikati ya wiki, baada ya saa tisa, panakuwa na nafasi. Vumbi halina dawa: kijana wa mashine mwenyewe ni mweupe hadi kope. Mimi hukabidhi nafaka, nikavuka barabara na mtoto, na kijana huniita kwa mluzi zamu yangu ikifika.