Taa za elfu tatu za Mwanjelwa zilivyonitupia ndege kwenye viazi vya watu

Hili jambo nimekaa nalo rohoni tangu kipindi kile mvua zinakata, leo nalitoa. Mi narusha ndege za rimoti hapa Mbeya, zile ndogo za foamu zenye mabawa. SIO DRONE. Kila mtu akiona anasema drone na nimeshachoka kuelewesha. Ugonjwa huu nimeupata utotoni kwa kukodolea macho ndege zinazotua uwanja wa zamani pale mjini, kabla hazijahamia Songwe 2012, sasa nimekua mtu mzima na ugonjwa haujapona.

Shida ni muda. Kazini natoka saa kumi na moja, nikifika kule Uyole kwenye uwazi jua linaingia, na ukungu wetu huu ndege nyeupe ikienda mita mia mbili huoni inakuja au inaenda. Kwahiyo nikataka taa. Za kuagiza nje zipo nzuri tu ila ukijumlisha na usafiri bora ununue mbuzi. Nikawaza, bodaboda zote za Mwanjelwa usiku zinapita zinawaka kama ukumbi wa harusi, hao wananunua wapi?

Nikaenda. Duka la vifaa vya pikipiki, silitaji. Kijana ananiita bosi, bosi karibu, bosi kaa hapa. Stripu za led, zile taa za utepe, mita moja kwa elfu tatu. Nikamuuliza inataka umeme kiasi gani, akaniambia bosi hii inawaka na betri yoyote, hata ya saa ya ukutani. Uongo mtupu, hizi ni za volti 12, nimeijaribu nyumbani na betri ya ndege, ile ya LiPo, ya seli mbili haikutoa hata mwanga wa kimulimuli. Ila nina za seli tatu, zikijaa zinafika 12.6, hapo ikawaka safi bila kifaa kingine chochote katikati. Basi nikamsamehe.

Nikafunga kama ndege kubwa zinavyofungwa, kijani bawa la kulia, nyekundu la kushoto, nyeupe mkiani. Sio urembo ule. Ukiona kijani iko kushoto kwako na nyekundu kulia, jua inakuja usoni kwako. Ile gundi yake ya mgongoni ilishika vidole vyangu, ikashika meza, ikashika kila kitu isipokua foamu, nikaishia kuweka vitone vya gundi ya kuyeyusha. Supagluu msijaribu, kuna foamu inazikula kama mchwa.

Siku ya kwanza jamani. Niseme ukweli hata kama nina hasira, ilipendeza mpaka nikasikia baridi ya mgongoni, na sio ile baridi yetu ya Juni. Giza linashuka milima imeshakua myeusi afu kale kandege kanazunguka na rangi zake tatu. Wanamuziki fulani wa kwaya walikua wanatoka mazoezi wakasimama barabarani. Nikajiona mtu.

Siku ya tatu au ya nne ndio. Iko mbali, naigeuza irudi, kijani ikapepesa mara mbili, ikazima, na nyeupe ya mkiani ikazima hapohapo. Nimebaki na nyekundu moja angani. Sasa taa moja inakwambia nini? Haikwambii kitu! Nikakata kushoto nikidhani inaenda, kumbe inakuja, nikaona nyekundu inashuka inashuka afu kimya. Shamba la viazi la watu. Nikaenda na tochi ya simu, nikamkuta bibi mmoja amesimama na jembe anaangalia pua ya ndege yangu imezama kwenye tuta, nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, huyu mdudu ni wa kwako? Nikamwambia ndio bibi, nisamehe. Akanisaidia kuokota bawa. Viazi vitatu nilivyovunja nikataka kulipa akakataa. Mshike huyu bibi, maana nitamlinganisha na mtu mwingine sasa hivi.

Nyumbani nikabandua. Hizi stripu ndani ya roli ni vipande vya nusu mita vilivyounganishwa kwa risasi, ile ya mafundi redio ya kuyeyusha, na kiungo kimoja kilikua kimeangukia katikati ya bawa langu la kulia. Risasi imekaa juu ya shaba kama tone la uji kwenye sahani ya mafuta. Nikaigusa kwa ukucha ikainuka yote. Haijawahi kushika tangu kiwandani!

Nikarudi dukani, sitaki hela, nataka kipande kingine kisicho na kiungo. Yule yule wa bosi bosi. Hata shikamoo hakunipa. Akashika kile kipande kwa vidole viwili, akasema mzee hizi ni za bodaboda, we umefunga kwenye mdoli? Afu akageuka akaita wenzie wa duka la pili, njooni mumuone rubani. RUBANI. Watu wakacheka, mama mmoja ananunua side mira akacheka mpaka akashika kaunta. Siku ya kununua bosi, siku ya kurudisha mzee. Nina mtoto kidato cha tatu mimi. Nikaondoka bila kujibu, na mpaka leo naumia kwamba sikujibu.

Kwahiyo msinunue. Taa mbovu, duka bovu.

Sawa, na mi nilipitisha waya wa mkia kwenye hilohilo bawa la kulia kubania waya, ndio maana zilizima pamoja, mngeuliza tu. Na kile kiungo nilikiona siku nafunga, nikasema kitashika. Fundi redio wa jirani amekirudishia risasi kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, mkia nimeupa waya wake, na tangu hapo imeruka sijui mara ngapi haijapepesa. Nyekundu ile iliyoanguka nayo kwenye viazi haijazima hata siku moja. Kwa elfu tatu, aisee, sijui niseme nini. Nunueni basi, ila pitisha ukucha kwenye kila kiungo ukiwa hapohapo kaunta, na ukiweza kata sehemu isiyo na kiungo kabisa.

Juzi nimetaka mita nyingine ya ndege ya pili. Mi siendi pale, nimemtuma dogo wangu na elfu tano, nikamwambia usiseme ni ya nani. Karudi na stripu, karudi na chenji, anacheka. Baba, yule kaka kauliza rubani hajambo?