Orbiter Yapimwa kwa Amalthea, Mwezi Mdogo wa Mshtarii

Programu za uigaji wa safari za anga kwa kawaida huhukumiwa kwa namna zinavyomfikisha mtumiaji kwenye Mwezi wetu au kwenye Mirihi, na katika safari hizo nyingi hufanya vizuri. Mimi napendelea kuzipima mahali pagumu zaidi, napo ni Amalthea, mwezi mdogo mwekundu unaoizunguka sayari ya Mshtarii ndani ya njia ya Io, mwezi mwingine wa sayari hiyo. Programu ninayoihakiki hapa ni Orbiter, toleo la 2016. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na Martin Schweiger wa University College London, hailipiwi, na tangu mwaka 2021 msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha.

Kwanza niueleze mwezi wenyewe, kwa kuwa ugumu wote unatokana na maumbile yake. Edward Emerson Barnard aliugundua tarehe 9 Septemba 1892 kwa darubini kubwa ya Lick Observatory huko California, na ndio mwezi wa mwisho kugunduliwa kwa jicho kwenye darubini pasipo msaada wa picha. Una urefu wa kilomita 250, upana wa 146 na kimo cha 128, kwa hiyo hauna umbo la tufe hata kidogo. Uko kilomita 181,000 hivi kutoka kitovu cha Mshtarii, huizunguka sayari hiyo kwa saa 11 na dakika 57, na hukimbia kwa kasi inayozidi kilomita 26 kwa sekunde. Aliyesimama upande unaoielekea sayari angeiona Mshtarii ikichukua nyuzi 46 za anga, yaani takriban nusu ya umbali kutoka upeo wa macho hadi utosini. Orbiter huionyesha sura hii kwa uaminifu, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuifanya programu istahili kupakuliwa.

Hata hivyo, toleo la msingi linakuja na miezi minne tu ya Mshtarii, ile aliyoiona mwanafalaki Galileo mwaka 1610. Amalthea huongezwa kwa faili zilizoandaliwa na watumiaji wa kujitolea, na kiini chake ni faili fupi la maandishi lenye uzito wa gimba, nusu kipenyo chake na vipimo vya njia yake. Napongeza uwazi huu, kwa sababu mtu asiyejua kuandika programu anaweza kulifungua faili hilo, akalinganisha tarakimu zake na zile za vitabu vya unajimu, na kusahihisha palipokosewa.

Ubora mkubwa wa Orbiter unadhihirika katika hesabu ya mvutano. Eneo ambamo Amalthea unaweza kukishikilia kitu kisinyakuliwe na Mshtarii linafika takriban kilomita 130 kutoka kitovu chake, ilhali ncha zake mbili ziko kilomita 125 kutoka kitovu hicho hicho, maana yake ni kwamba karibu hakuna nafasi ya kuuzunguka. Orbiter hujumlisha mvutano wa magimba yote makubwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo rubani anayejaribu kuuzunguka Amalthea kama anavyouzunguka Mwezi wetu ataiona skrini ya Orbit, inayoonyesha njia ya chombo, ikimchorea duara zuri, kisha duara hilo litapinda, litarefuka na kuvunjika mbele ya macho yake. Mshindani wake mashuhuri, Kerbal Space Program, huigawa anga katika maeneo, na chombo hutii gimba moja tu kwa wakati mmoja. Nimeikokotoa kanuni hiyo kwa vipimo halisi vya Amalthea, na eneo lake linapata nusu kipenyo cha kilomita 47 hivi, yaani linaishia chini ya ardhi ya mwezi wenyewe. Kerbal ni mchezo wa kupendeza na unafundisha mengi, lakini kwa mwezi wa namna hii hauwezi kumpa mtumiaji jibu sahihi.

Kwa kuwa hakuna kuuzunguka, Amalthea hukaribiwa jinsi nahodha anavyosogeza jahazi ubavuni mwa meli iliyo safarini: unalinganisha mwendo, unapunguza tofauti hadi ikaribie sifuri, kisha unasogea polepole. Safari inayonivutia zaidi huanzia jirani na Io. Chombo hupunguza mwendo kwa kilomita 3.9 kwa sekunde, huporomoka kuelekea Mshtarii kwa saa 13 hivi, kisha hufika kikiwa na kasi ya ziada ya kilomita 4.8 kwa sekunde ambayo lazima iondolewe kwa injini pekee, kwa sababu Amalthea hauna angahewa wala mvutano wa kutosha kusaidia. Kuchelewa kuwasha injini kwa dakika moja wakati wa kuondoka jirani na Io kunatosha kuukuta mwezi umetangulia kwa kilomita 1,100 hivi. Skrini ya Transfer, ya kupangia safari ya kutoka njia moja hadi nyingine, inaonyesha haya yote kwa usahihi, ila haimwonei huruma mgeni. Delta-glider, chombo cha kubuni kinachokuja na programu, kina injini bora kuliko zozote zilizopo duniani, na bila injini za namna hiyo safari hii ingemshinda mtumiaji wa kawaida. Jambo la kuzingatia ni kuharakisha muda kwa kiasi. Ukiuzidisha mara 1,000, Amalthea unamaliza mzunguko mzima kwa sekunde 43.

Kutua ndiko kunakoifichua kasoro kubwa. Nyongeza niliyoitumia inauchora mwezi kwa umbo lake la kurefuka, lakini mgusano unakokotolewa kana kwamba ni tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 83.5. Matokeo yake ni kwamba kwenye ncha chombo huzama ndani ya mwamba zaidi ya kilomita 40 kabla ya kugusa chochote, na kwenye ncha za mhimili husimama katika utupu, karibu kilomita 20 juu ya ardhi. Toleo la 2016 liliongeza milima na mabonde, lakini yamejengwa juu ya tufe vilevile. Hasara yake si ya macho tu. Mvutano wa wastani kule ni mdogo kiasi kwamba jiwe lililoachiwa kutoka mita 10 huchukua nusu dakika kufika chini, na kwenye ncha inayoielekea Mshtarii uzito karibu hupotea kabisa. Tofauti hii kati ya mahali na mahali, ambayo ndiyo ajabu kuu ya Amalthea, haionekani kwa anayetua kwenye tufe.

Mionzi nayo haimo katika toleo la msingi. Chombo halisi cha anga kiitwacho Galileo kilipopita karibu na Amalthea tarehe 5 Novemba 2002, mionzi ilikuwa imekichosha na kamera yake haikutumika, ingawa mawimbi ya redio yalitosha kuonyesha kwamba mwezi huo ni mwepisi kuliko maji ya ujazo uleule. Katika Orbiter unaweza kuegesha chombo pale kwa mwaka mzima bila taa moja kuzimika.

Kwa upande wa matumizi, programu inahitaji Windows, maandishi yake ni ya Kiingereza, na picha za hali ya juu za uso wa Dunia ni makumi ya gigabaiti. Anayenunua intaneti kwa bando aziache, kwani safari ya Mshtarii haizihitaji. Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari ya juu nampendekezea bila kusita, akiwa na mwalimu wa kumsomea skrini katika majuma ya mwanzo. Anayetaka mandhari ya kutembelea bila hesabu atafute programu nyingine. Na atakayeiweka kwa ajili ya Amalthea akague kwanza kwenye ukurasa wa mipangilio kwamba chaguo la mvutano wa magimba yasiyo tufe limewashwa, maana Mshtarii imebonyea kwenye ncha zake, na karibu nayo kiasi hiki kasoro hiyo ya umbo huisogeza njia ya chombo kila mzunguko.