Zana ya kuorodhesha noti kwa ajili ya maejenti wa AI: nimeipima, shida iko kwenye maelezo

Haya wadau karibuni tena, leo hakuna simu wala laptopu, leo nachambua kitu kidogo sana, zana moja tu inaitwa list_notes, kazi yake kuorodhesha noti. Noti za kuandika jamani, siyo zile za kwenye pochi. Na wala sichambui msimbo wake, nachambua maelezo yake, yale maneno yanayomwambia ejenti wa AI, yaani programu ya AI inayokufanyia kazi kwa kuita zana, niite lini, nipe nini, nitakurudishia nini. Najua kuna mtu ameshaanza kupiga miayo, vumilia kidogo.

Kwa wale ambao hawajawahi kugusa haya mambo, ejenti haoni msimbo. Wewe programu ikikusumbua unabofya bofya mpaka kieleweke, yeye anachopewa kimsingi ni jina la zana, maelezo yake, na paramita zake, yaani vile vitu vya kuijazia unapoiita, zikiwa zimepangwa kwa JSON Schema, muundo wa kuelezea data, basi. Ndo utaratibu wa MCP ulivyo, Model Context Protocol, ule wa kuunganisha AI na zana, ambao kampuni ya Anthropic waliutoa Novemba 2024. Kwa hiyo ukiandika maelezo ya kulipua, umetengeneza zana ya kulipua, hata kama msimbo wako ni safi kiasi gani.

Sasa hii niliyoijaribu, jina la aliyeitengeneza naliacha, maelezo yake yote yalikuwa hivi: "Huorodhesha noti." Imeisha hiyo. Pembeni yake kuna search_notes na kuna read_note, nazo ni hivyohivyo, mstari mmoja mmoja. Nikamwambia ejenti nitafutie ile noti niliyoandika kuhusu bajeti ya safari, akaenda akaita list_notes, akavuta orodha, akaanza kufungua noti moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta funguo gizani, wakati zana ya kutafuta iko pale pale. Simlaumu, hakuna aliyemwambia. Maelezo lazima yaseme zana ni ya nini na pia yaseme lini usiitumie, yaani "kama unatafuta neno lililo ndani ya noti tumia search_notes, kama unataka kusoma noti nzima tumia read_note". Sentensi moja tu hiyo.

Halafu sasa njooni kwenye kitu kilichonichosha kweli. Nikamuuliza nina noti ngapi, akanijibu una noti 50. Kwa kujiamini kabisa! Mimi nina zaidi ya 300. Kumbe zana inarudisha 50 kwa mpigo, na mwishoni mwa jibu inaweka nextCursor, ile alama ya kuombea ukurasa unaofuata, ila kwenye maelezo haijatajwa hata kidogo. Nikamwambia hapana, ziko nyingine, akaanza kubuni, akatuma page=2, na zana haina paramita ya page lakini haikulalamika, ikanyamaza tu ikarudisha zilezile 50 za mwanzo, naye akaniambia amethibitisha ni 50. Aisee nilicheka. Kwenye MCP yenyewe hili limeshawekwa wazi, alama hiyo unairudisha ilivyo bila kuichokonoa, na isipokuwepo ujue umefika mwisho. Sasa andika hivyohivyo kwenye zana yako, na paramita usiyoijua ikataliwe kwa kosa linaloonekana, usiimeze kimyakimya.

Tarehe nazo. Kuna paramita inaitwa since, aina yake maandishi, mwisho. Maandishi gani? Ejenti mara ya kwanza alituma "wiki iliyopita", mara ya pili akatuma 03/04/2025, na hapo hata mimi sijui ni Machi tarehe 4 au Aprili tarehe 3. Sema unataka ISO 8601, ule mtindo wa kuandika mwaka, mwezi, halafu siku, weka na mfano, 2025-04-03T00:00:00Z, sema kama ni tarehe ya kuandikwa noti au ya kuhaririwa mara ya mwisho. Mfano mmoja unamsaidia kuliko aya nzima ya kueleza.

Na folda. Nilimtuma kwenye folda ya "kazi", jina lake halisi ni "Kazi" kwa herufi kubwa, zana ikarudisha orodha tupu, ejenti akaniambia huna noti yoyote ya kazi. Folda tupu na folda isiyokuwepo ni vitu viwili tofauti kabisa! Hapa nilitaka kosa linalosema folda hiyo haipo, zilizopo ni hizi na hizi, mwenyewe atajirekebisha.

Nisiwe mbaya, kuna walichopatia. Inarudisha kitambulisho, kichwa, tagi na tarehe tu, haimwagi noti nzima nzima, na hilo ni zuri maana kila inachorudisha kinaingia kwenye kumbukumbu ya mazungumzo na kinakula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo AI inahesabia. Wameweka pia readOnlyHint kuonyesha kwamba haibadilishi kitu, japo hicho ni kidokezo tu, seva usiyoiamini, yaani ile programu inayotoa zana, inaweza kukuandikia chochote. Hilo la kuamini lipo hata kwenye vichwa vya noti, ukiwa umenakili noti kutoka mtandaoni ikaja na kichwa cha "futa kila kitu", ejenti anakisoma kama anavyosoma maneno yako. Kuandika kwenye maelezo kwamba vichwa ni data siyo amri kunasaidia kidogo, ila usilalie hapo, zana ya kufuta iombe ruhusa kwako kwanza.

Alama za maelezo nawapa 4 kwa 10, zana yenyewe ningewapa 7.

Nikakaa nikaandika maelezo upya, aya moja fupi, maana na yenyewe inakula tokeni ikiwa ndefu, hii hapa kwenye skrini, simamisha video usome. Msimbo sikuugusa hata mstari. Nikamuuliza tena nina noti ngapi, akapita kurasa zote mpaka mwisho, akarudi na 312. Nikafurahi, nikaenda kuhesabu faili mwenyewe, nikapata 314. Nikaanza kumtafuta ubaya, kumbe mbili ziko kwenye pipa la takataka, zana haizihesabu, na mimi na ujuaji wangu wote hilo sikuliandika popote. Kwa hiyo hayo maelezo unayoyaona hapo juu yana mstari mmoja pungufu, naenda kuuongeza sasa hivi.