Siku 30 bila wali wala mbaazi: tepu yangu inasema hivi

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Tepu iko shingoni mwangu tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya magharibi, kwa hiyo mtu akiniambia amepungua simuulizi kilo. Namwambia simama hapa nikupime. Na mimi mwenyewe sikujionea huruma: siku ya tatu baada ya Idi niliizungusha tepu kiunoni, ikasoma inchi 41. Gauni nililojishonea mwezi wa Shaabani lilikataa kufunga zipu. Nililikata mwenyewe, kwa vipimo vyangu mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa hata na fundi wa kumgombeza.

Kuna watu hudhani Ramadhani inakondesha. Waje Tanga waione futari: muhogo wa nazi, tambi, kaimati zimelala kwenye shira, uji wa pilipili manga kikombe cha pili na cha tatu. Nilifunga mchana kutwa, usiku nikalipa na riba.

Basi ndipo nikajiunga na kundi la WhatsApp la kupunguza uzito. Shilingi 25,000, siku 30, "chakula halisi tu". Anayeliendesha anajiita kocha wa lishe. Jina lake silitaji, ninachoeleza hapa ni mpango. Nikaja kugundua baadaye kwamba kanuni zake ni zile zile za Whole30, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 2009 na Melissa na Dallas Hartwig. Kwa siku 30 huli sukari wala asali, huli nafaka ya aina yoyote, jamii ya kunde, maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa isipokuwa samli, wala hunywi pombe (hapo mimi sikupoteza kitu). Unakula nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, viazi, nazi. Korosho ruhusa, karanga marufuku, maana karanga nayo ni jamii ya kunde. Ukiteleza, hata kijiko kimoja, unarudi siku ya kwanza. Na huruhusiwi kupanda mizani mpaka siku zote ziishe.

Isome tena orodha hiyo kwa macho ya mtu wa Tanga. Wali, ugali, chapati, mahamri, vitumbua, mkate wa kumimina, mbaazi, maharage, choroko, mtindi: vyote nje. Imebaki bahari.

Kwa hiyo nikawa mtu wa Deep Sea, soko letu la samaki, alfajiri na kapu langu, nanunua changu wadogo au kibua, siku nikiwa na hela kipande cha nguru. Samaki wa kuchoma, mchicha wa nazi, kachumbari ya ndimu, viazi viwili vya kuchemsha. Sitadanganya, nilikula vizuri. Viungo vya pakiti tu ndivyo nilivyovitupa, maana nilipoisoma karatasi yake kwa mara ya kwanza maishani nikakuta sukari na wanga vimo ndani. Sukari kwenye mchuzi wa samaki! Nikarudi kwenye kitunguu saumu, tangawizi na bizari ya kusaga mwenyewe, na mchuzi ukawa mtamu kuliko ule wa zamani.

Kilichonitesa ni chai. Fundi hanywi chai kwa kiu, anakunywa kwa sababu mteja amekuja, au mteja hajaja. Nilikuwa na vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Piga hesabu kama nilivyopiga mimi nyuma ya risiti: vijiko 15, kila kijiko gramu 4, hizo ni gramu 60, sawa na kalori 240. Shirika la Afya Duniani linasema ni vema sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku. Mimi nilikuwa nimeshaimaliza hiyo kabla ya adhuhuri, kitumbua hakijahesabiwa. Siku ya kwanza bila sukari niliitema. Siku ya tatu kichwa kiliuma kama mtu amenifungia kilemba cha waya. Siku ya tisa nikaanza kuusikia mdalasini ndani ya chai, na hiliki, nikashangaa kwamba miaka yote nimekuwa nikiweka viungo ambavyo ulimi hauvifikii.

Kanuni ya mizani niliivunja, nakiri. Kuna kijana huwa anakaa na mizani yake barabarani, shilingi 200 unapanda. Siku ya kwanza ilisoma kilo 84.6, buibui na viatu vikiwemo. Siku ya saba 81.9. Kundini ningepigiwa makofi, ila nilinyamaza, na bahati nzuri nilinyamaza, maana mpwa wangu anayesomea uuguzi aliniharibia furaha jioni ile ile. "Shangazi, hayo mengi ni maji." Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glaikojeni, na kila gramu yake hushika kama gramu tatu za maji. Ukikata wali na ugali ghafla akiba inatumika, maji yanatoka, unakwenda msalani, mizani inashuka. Siku ukirudi kwenye wali, yanarudi. Kocha hakutuambia hilo hata siku moja. Yeye alisema "mwili unatoa sumu". Sumu gani? Ini na figo zangu ziko kazini tangu nizaliwe, hazikusubiri 25,000 yangu.

Na hilo neno la sumu ndilo lililonivunja imani. Mwenzetu mmoja kundini, ana kisukari na anameza vidonge, aliandika siku ya sita kwamba anatetemeka, jasho baridi, macho yanaona giza. Akajibiwa akaze, ni sumu inatoka. Jamani! Mtu anameza dawa ya kushusha sukari, halafu mnamkatia wanga wote kwa mpigo, sukari inaweza kushuka chini mno. Mpwa wangu ndiye aliyesema anywe kitu chenye sukari hapo hapo, kisha aende kwa daktari wake akapangiwe dawa upya. Alikwenda, yuko salama. Ila kama unameza dawa za kisukari au za presha na unataka kujaribu kitu kama hiki, anza kliniki, usianzie WhatsApp.

Siku ya kumi na mbili nikapatikana na mbaazi. Nyumbani nilikuwa napika vyungu viwili, changu na cha watu. Baba Nasra na watoto wanataka mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, kama binadamu. Sasa mbaazi utazipikaje bila kuonja chumvi? Nimekuna nazi mwenyewe, tui la pili limeshaingia, tui zito liko pembeni linanisubiri, mwiko umeinuka wenyewe. Nikaonja, nikatema. Kwa uaminifu wangu wa kijinga nikauliza kundini kama kutema kunahesabika. Kocha akajibu: rudi siku ya kwanza.

Nilikaa na simu yangu pale jikoni nikiwaza. Mbaazi zimefanya nini? Zina protini, zina nyuzinyuzi, zinashibisha mpaka saa nane, na ni rahisi kuliko samaki. Tena tangu nilipoziacha choo kilikuwa kigumu, siku nne nahangaika, mpaka nikaongeza mchicha na mapapai. Tumbo langu lilikuwa limezoea nyuzinyuzi za maharage na mbaazi, nikalinyang'anya, likanuna. Sukari iondoke, nakubali. Ngano nyeupe ya kukaanga ndani ya mafuta iondoke, nakubali. Mbaazi kuwekwa kwenye kundi moja na soda, huo ni uonevu. Sikurudi siku ya kwanza. Niliendelea na ya kumi na tatu, na kundini sikusema.

Wakati huo huo mpango ulikuwa na tundu ambalo samaki papa angepita. Muhogo ni mzizi, ruhusa. Nazi ruhusa. Basi muhogo wa nazi ruhusa! Wiki ya pili yote nilikula muhogo wa nazi sahani imejaa, dhamiri nyeupe, najiona mchamungu wa lishe. Gramu 100 za muhogo zina kama kalori 160, na tui zito kwa kiasi hicho hicho linapita 200. Wiki ile mizani ya yule kijana haikushuka hata nusu kilo. Chakula halisi nacho kinanenepesha, mwenzangu, ukikila kwa beseni.

Ya watu siyasemi sana. Siku ya kumi na saba palikuwa na harusi, nikakaa mbele ya sinia la pilau nikichambua nyama kama paka, na wifi yangu akanitazama mpaka nikaona aibu. Mama mkwe naye alikuja kutoka Pangani kututembelea. Nikampa shikamoo, akanishika mkono akaupima kwa vidole, akanivuta chumbani. "Mwanangu, una nini? Baba Nasra anakutesa?" Kwetu mtu akipungua watu hawasemi hongera, wanauliza ugonjwa. Yule mzee nilimweleza dakika ishirini, akanielewa, kisha akaniletea mkate wa kumimina.

Gharama ndiyo iliyoniuma. Samaki na mayai kila siku, vyungu viwili, mkaa mara mbili. Kwa mwezi ule pesa ya jikoni ilipanda karibu mara moja na nusu, na hapo nilikuwa natoroka kwenda Mgandini jioni, saa wauza mboga wanapopunguza bei.

Siku ya 30: kilo 80.1. Kiuno inchi 38. Gauni lilifunga zipu bila mimi kuvuta pumzi. Kwa hiyo anayeuliza kama inapunguza, ndiyo, inapunguza, nisiwe mnafiki.

Lakini ilipunguza kwa nini? Mwaka 2019 mtafiti wa Marekani, Kevin Hall, alichapisha jaribio alilofanya na wenzake: watu 20 waliwekwa ndani, wakalishwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula visivyosindikwa, wale kadiri watakavyo. Kwenye vya kusindikwa walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye visivyosindikwa wakapungua karibu hiyo hiyo. Hapo nikajiona mwenyewe: kitumbua cha kupita, soda ya mteja, biskuti za watoto. Hivyo ndivyo vilivyoondoka, na vingeondoka bila kuzifukuza mbaazi. Na Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2018, Christopher Gardner na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 609 kwa miezi 12. Nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga, wote wakiambiwa wale mboga kwa wingi na waache sukari na unga mweupe. Wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuipa uzito. Ndani ya kila kundi kuna aliyepungua sana na kuna aliyeongezeka.

Jambo moja la mwisho kuhusu kocha. Whole30 yenyewe ina hatua ya baada ya siku 30, ambapo unarudisha vyakula kundi moja moja huku ukiangalia mwili unasemaje, na wenyewe husema mpango wao haukuundwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Sisi siku ya 31 tulitumiwa emoji ya kombe na kundi likafungwa. Unadhani watu thelathini waliokaa mwezi mzima bila wali walifanya nini siku ile? Mimi nilikula biriani. Siku tatu mfululizo.

Tanga husema waja leo waondoka leo. Kilo zangu zilifanya kinyume, ziliondoka na kurudi, si zote. Sasa ni mwezi wa sita. Mizani inasoma 81.8, tepu inasoma inchi 38 na nusu. Madaktari wanataka kiuno cha mwanamke kisizidi sentimita 88, karibu inchi 35, kwa hiyo bado nina kitambaa cha kupunguza. Nilichoendelea nacho ni chai bila sukari, mboga kwanza kabla ya wali, wali kikombe kimoja, na vitumbua Ijumaa tu. Mbaazi nala nitakavyo.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili kwa ulimi wangu ulioamka, moja kwa gauni. Nyingine mbili nimezizuia, moja ya yule mwenzetu wa kisukari, na moja ya mbaazi.

Juzi kocha kanitumia ujumbe: kundi jipya linaanza Jumatatu, safari hii 30,000, wa zamani wana punguzo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mwiko, naonja chumvi, kwa hiyo sikumjibu mpaka usiku.