Apdeti ya usalama iliyonifukuzia mteja

Naandika nikiwa bado na hasira. Leo asubuhi nimefungua duka, nikakiona kile kialama kidogo kwenye pembe ya kivinjari kikiniambia kuna toleo jipya, moyo ukapiga paa! Kivinjari chenyewe sitakitaja. Wengi wenu mnasoma hapa mkiwa ndani yake.

Nina steshenari hapa Moshi mjini, si mbali na stendi. Natoa kopi, naprinti, nalamineti, lakini kazi inayonilipia pango la fremu ni maombi ya mtandaoni: TIN, vyeti vya kuzaliwa, ajira, na msimu wake ukifika, mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Kivinjari ndicho cherehani yangu. Kikigoma, hata ningekuwa na karatasi rimu mia, siku hiyo sili.

Tarehe siikumbuki vizuri, ila zilikuwa zile siku za mwisho mwisho za kuomba mikopo, foleni inafika barazani na kila mtu anasema yeye ndiye wa haraka. Umeme ukakatika kama saa nne. Ukarudi. Nikawasha kompyuta, nikafungua kivinjari, nikaendelea. Sikujua kwamba toleo jipya lilikuwa limeshajipakua kimya kimya na linasubiri tu kivinjari kifungwe na kufunguliwa tena ndipo likae. Mimi huwa sikifungi. Wiki nzima kinakaa wazi kwa sababu kila kichupo ni mteja na kazi yake. Umeme ndio ulionifungia, na apdeti ikapata nafasi yake.

Mteja aliyekuwa mbele yangu alikuwa mama mmoja ametoka Kibosho na mfuko wa kaki. Ndani ya mfuko kulikuwa na kila kitu cha binti yake: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, fomu iliyosainiwa na mdhamini na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya kaunta, akavinyoosha kwa kiganja. Alinipa elfu tano kabla sijamwomba.

Nikaviskani. Skana yangu ni ya zamani, inatoa mafaili mazito, na faili likizidi kiwango mfumo wa maombi unalikataa. Siku zote nimekuwa nikitumia tovuti moja ya bure ya kupunguza uzito wa PDF. Tovuti hiyo imejaa matangazo kama nzi buchani, lakini mimi nilikuwa siyaoni, kwa sababu nilikuwa na uBlock Origin. Kwa wasioijua, ni kiendelezi, yaani programu ndogo unayoiongeza ndani ya kivinjari, na hiki kinazuia matangazo kabla hayajafika kwenye kompyuta yako. Aliyekiandika, Raymond Hill, hatozi hata senti, na hata michango anaikataa. Mimi nimekitumia miaka mingi. Watu wa mjini wenye waya wa faiba wanakitumia ili wasisumbuliwe macho, lakini mimi nilikitumia kwa ajili ya bando. Tangazo la video linalojicheza lenyewe pembeni linakula MB zangu, na MB zangu nazinunua kwa hela ya kopi za shilingi mia mia.

Siku hiyo nilimwachia kijana wangu amalizie, mimi nikageuka kwa mwenye laptopu aliyetaka kuprinti. Nikasikia kijana ananiita, "Dada, mbona leo ina vitufe vitatu vya kupakua?" Kabla sijageuka akawa ameshabonyeza kile kikubwa cha kijani.

Kioo chote kikawa chekundu. King'ora kikaanza kulia, mwanamke anaongea Kiingereza kwa sauti ya juu kwamba kompyuta ina virusi, usiizime, piga namba hii. Maandishi yamejaa skrini nzima, kipanya hakionekani. Barazani watu wakachungulia. Na yule mama akasimama, akaweka mikono miwili juu ya vyeti vyake kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, vya mtoto wangu vimeshaingia humo?"

Nikamwambia, "Mama, hapana, hili ni tangazo tu, ni waongo hawa, hakuna kirusi." Na kweli hapakuwa na kirusi. Ule ni ukurasa wa matapeli unaojitanua skrini nzima ili ushikwe na hofu uwapigie simu. Ukishikilia kitufe cha Esc unatoka. Sasa hivi nalijua hilo. Wakati ule nilichomoa waya ukutani. Mama alipoona nimechomoa waya, hakusikia tena neno langu lolote. Alirudisha karatasi kwenye mfuko, akasema asante mwanangu, akaondoka. Wawili waliokuwa nyuma yake wakamfuata.

Nilipowasha tena nikaenda kwenye orodha ya viendelezi, nikakikuta uBlock Origin kimezimwa, na maelezo mafupi kwamba hakitumiki tena, ni vyema nikiondoe. Sikupewa taarifa kabla, au kama nilipewa ilikuwa kwenye kidirisha nilichokifunga nikiwa na watu sita mbele yangu. Bando la siku nzima lilikwisha kabla ya saa nane mchana.

Na kilichonipandisha damu ni kwamba yote hayo yamefanywa kwa jina la usalama! Usalama wa nani? Tangu siku ile nimekuwa nikisema ni kama kumwita fundi abadilishe kitasa, akakibadilisha vizuri tu, kisha akaondoka na mbwa wako.

Nyota moja. Ningekuwa na uwezo nisingetoa hata hiyo.

Sasa nitulie, niwe mkweli. Nimesoma sana tangu siku ile, usiku baada ya kufunga, na sababu wanazotoa wenye kivinjari si za kipuuzi. Mpango wao wa kubadilisha jinsi viendelezi vinavyofanya kazi unaitwa Manifest V3 na ulianza kutajwa 2018. Kwa mfumo wa zamani, kiendelezi kilikaa katikati ya kivinjari na intaneti, kikaangalia kila ombi linalotoka na kuamua lipite au lisipite. Kwa mfumo mpya kiendelezi kinakabidhi orodha ya kanuni mapema, kisha kivinjari chenyewe ndicho kinachozuia, na orodha hiyo ina kikomo. Wanasema kitu kinachoona kila unachofungua kinaweza pia kukuibia. Hilo nalikubali. Mwaka fulani niliwahi kuweka kiendelezi cha kupakulia video, na wiki nzima kila nikitafuta kitu napelekwa kwenye tovuti za kamari. Kwa hiyo ndiyo, kuna viendelezi vibaya.

Lakini tapeli aliyenilipulia duka hakupitia kwenye kiendelezi. Alipitia kwenye tangazo, yaani mlango uleule ambao kiendelezi changu kilikuwa kinaulinda. Waliniambia wananilinda dhidi ya mlinzi!

Kuna toleo jepesi la uBlock linalofuata mfumo mpya. Nimeliweka. Linafanya kazi, tena kwa tovuti nyingi huoni tofauti, na nawashauri mliweke leo hii kuliko kukaa wazi. Ila kwenye ile tovuti ya PDF kitufe kimoja cha uongo bado kinatokea, na zamani ningekizuia mwenyewe kwa kanuni ya mkono wangu ikaisha. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Fundi mmoja wa kompyuta maeneo ya Mbuyuni alinishauri nizime apdeti kabisa. "Dada, ungezizima mapema ungekuwa na toleo lako la zamani na kila kitu chake." Alinishawishi kwa siku mbili hivi. Halafu nikasoma habari ya Septemba 2023, ya libwebp. Hiyo ni sehemu ya programu inayosoma picha za aina ya WebP, na ilikutwa na tundu: picha iliyotengenezwa kwa hila, ukiifungua tu, ingeweza kumpa mvamizi njia ya kuingia. Hukubonyeza kitu, hukupakua kitu, umeangalia picha. Wavamizi walikuwa wameshaanza kulitumia tundu hilo kabla kiraka, yaani apdeti ya kuliziba, hakijatoka. Na halikuwa la kivinjari kimoja, maana Chrome, Firefox, Edge na programu nyingine tele zilikuwa zikitegemea libwebp hiyohiyo. Viraka vilitoka ndani ya siku chache, na aliyekuwa amezima apdeti hakuvipata.

Nikafikiria kompyuta yangu. Kwa siku wanaikalia watu ishirini au zaidi, kila mmoja anafungua barua pepe yake, wengine wanaacha hata nywila kwenye kikaratasi juu ya meza. Nikizima apdeti, siku nikiingiliwa hawaumii wenye kivinjari. Anaumia mwalimu wa Pasua aliyekuja kutuma maombi ya uhamisho. Kwa hiyo sizizimi, na simshauri mtu yeyote azizime, hata nikiwa na hasira kiasi gani.

Na hapo ndipo wamenikaba. Wamechanganya mchele na chuya kwenye gunia moja. Kiraka ninachokihitaji leo na kitu wanachotaka kuninyang'anya vinakuja pamoja, kwa jina moja, na kitufe kimoja cha kuanzisha upya. Nikikataa kimoja nimekataa vyote. Kama wangeniambia, "Dada, hiki ni kiraka, chukua sasa, na hili ni badiliko, utalipata baada ya miezi mitatu, jiandae," nisingeandika neno. Ningejiandaa. Ningemfundisha kijana wangu vitufe vya uongo vinavyofanana. Mimi ni mfanyabiashara, najua kujiandaa.

Tena inawezekana, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo. Binti mmoja anayesoma mambo ya kompyuta, alikuja kuprinti ripoti yake ya mafunzo ya vitendo, akanionyesha Firefox ESR. Toleo hilo limekusudiwa maofisi na mashule. Viraka vya usalama vinakuja kila baada ya wiki chache, lakini mabadiliko makubwa yanakuja takriban mara moja kwa mwaka. Na uBlock Origin kamili inafanya kazi humo, ileile niliyoizoea. Hata kompyuta yangu ya pili, ile ya Windows 7 ambayo wenye vivinjari vingine waliitelekeza mwanzoni mwa 2023, ilipata toleo la 115 la ESR na viraka vyake. Nilipoona ile tovuti ya PDF imetulia tena, nyeupe, kitufe kimoja tu katikati, nilimrudishia yule binti hela yake ya kuprinti. Hakuelewa kwa nini nimefurahi hivyo.

Basi nyota tano kwa Firefox? Nilitaka kuandika hivyo, kisha nikajizuia. Nao wana historia yao. Novemba 2017, kwa toleo la 57, walivikata viendelezi vyote vya mfumo wao wa zamani kwa mkupuo. Mei 2019 cheti chao kimoja cha kidijitali kiliisha muda, na viendelezi vya watu dunia nzima vikazimika, vizuia matangazo vikiwemo. Na hapa dukani kuna tovuti moja ya maombi, ambayo nayo siitaji, ukiifungua kwa Firefox inakwama kwenye ukurasa wa malipo. Kwa hiyo vivinjari vyote viwili vipo kwenye kompyuta yangu, na kijana wangu amebandika karatasi ukutani: kazi gani, kivinjari gani. Usumbufu huo nisingekuwa nao.

Kile cha zamani, nikiacha hasira pembeni, ni chepesi, kinafungua kila kitu, na viraka vyake vinakuja haraka kweli. Niwape nyota mbili. Kuna siku nakaribia kuandika tatu. Halafu namkumbuka yule mama alivyofunika vyeti kwa mikono, nashindwa hata kuibonyeza ya pili.

Hakurudi. Nilimuulizia kwa wenye steshenari wengine wa hapa karibu, mmoja akasema mama wa namna hiyo alipita kwake jioni ileile na maombi yalikwenda. Natamani awe ndiye. Elfu tano yake nimeibana kwa klipu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la madeni, pamoja na kopi moja ya cheti cha kuzaliwa aliyoisahau kwenye kioo cha skana.