Uzoefu wangu na Python: mchezo wa kwanza wa dadu

Nilianza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, bila kuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nilitaka kitu kimoja tu: mchezo wa dadu wa maandishi matupu, wa watu wawili wanaopokezana kibodi. Kanuni zake ni chache. Unarusha dadu mara nyingi upendavyo na kujumlisha pointi za zamu yako. Ukisema basi, pointi zinaingia kwenye akiba. Ikitokea 1 kabla hujasema, zamu nzima imepotea. Wa kwanza kufika 100 ameshinda.

Kuipata Python hakukunisumbua. Ni ya bure, na kwenye Windows inakuja na kihariri chake, IDLE: unaandika, unahifadhi, unabonyeza F5, jibu hili hapa. Kwa anayeanza inatosha kabisa. Ninacholalamikia ni kwamba namba za mistari hazionekani mpaka uziwashe kwenye menyu ya Options, ilhali kila ujumbe wa kosa unakutajia namba ya mstari. Ziwashe siku ya kwanza.

Dadu yenyewe ni mistari miwili: import random, kisha random.randint(1, 6), inayotoa namba yoyote kuanzia 1 hadi 6, na 6 ikiwemo. (Usiichanganye na randrange(1, 6), ambayo huishia 5.) Hata hivyo jioni nzima ilipita kabla dadu haijarushwa mara moja, kwa sababu faili langu nililiita random.py. Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu inayoendeshwa. Ikakuta faili langu, ikalichukua badala ya moduli yake (faili la msimbo linalokuja na Python) yenye jina hilo hilo, kisha ikaniambia randint haimo. Na kweli haikuwamo. Toleo la 3.13 linadokeza sababu hiyo waziwazi, kwa hiyo anayeanza leo asakinishe toleo jipya.

Kingine kilichonikwamisha ni input, amri inayopokea anachoandika mchezaji. Niliwaruhusu wachezaji wachague wenyewe mchezo uishie pointi ngapi, 50 au 100, na papo hapo programu ikaanguka kwa kosa liitwalo TypeError. Kumbe chochote kinachoandikwa kwenye kibodi kinafika kama maandishi, hata 100, na maandishi hayalinganishwi na namba kwa alama ya >=. Dawa yake ni int(), inayogeuza maandishi kuwa namba. Na mchezaji akiandika "mia"? Hapo linatoka kosa jingine, ValueError, nawe unaidaka kwa try na except ili umwulize tena.

Kosa lililonifundisha zaidi ya yote halikutoa ujumbe wowote. Mchezo ulikwenda vizuri, ila kila dadu iliporushwa zamu ilihamia kwa mwenzako, hata kama hujasema basi. Nilisoma msimbo neno kwa neno na kila neno lilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa nafasi nne tupu. Katika Python nafasi za mwanzo wa mstari si urembo, ndizo zinazoamua mstari upo ndani ya kitanzi (sehemu ya msimbo inayorudiwa) au nje yake, na mstari wangu wa kubadilisha mchezaji ulikuwa ndani ya kitanzi cha while cha kurusha. Nikaurudisha kushoto hatua moja, ikawa sawa. Tangu siku hiyo nasoma umbo la msimbo kabla ya maneno yake, na kwa hilo peke yake ningemshauri yeyote aanzie hapa.

Mchezo ulipokamilika sikuuacha. Nilitaka kujua ni wapi pa kusema basi, nikaandika kitanzi kinachocheza zamu 100,000 kwa kila kiwango cha pointi za kusema basi. Wastani mkubwa ulikuja karibu na 20: pointi 8 na kidogo kwa zamu. Nikachukua kalamu na kuona sababu. Pande tano za dadu, 2 hadi 6, zina jumla ya 20. Ukigawa kwa pande sita, hiyo ndiyo faida ya wastani ya kurusha tena. Hasara ni sehemu moja ya sita ya ulichokusanya. Ukifika 20, faida na hasara zimelingana. Ukipita hapo, hasara ndiyo kubwa. Kanuni hiyo nimeipa kompyuta iwe mchezaji wa pili, na sasa ndiyo ninayocheza nayo.